Theluji ya Mzee Beda

Nikuulize kwanza: katika Mikumi yote, na joto lake, na vumbi lake, na nyani wake wanaovunja mahindi mchana kweupe, ni nani angehitaji kuficha kitu kwenye theluji?

Swali hilo ndilo Sajenti Magreti aliloliweka mezani kwa mkuu wake asubuhi ile, pale kituo cha polisi Kilosa, na mkuu wake hakulipenda hata kidogo.

"Sajenti," alisema, "mzee alikuwa na mchezo wake. Wenzake wanacheza bao, yeye anaunganisha vifaru vya vita vya plastiki. Mchezo haumuui mtu. Tunaye mtu ndani. Ameonekana akitoka nyumbani kwa marehemu saa sita mchana, uso umekunjamana. Aligombana naye kwa sababu ya ng'ombe kula mahindi. Marehemu ana jeraha kwenye paji, na dawa yake ya pumu imeokotwa kwenye nyasi, njia hiyo hiyo aliyopita. Unataka nini tena?"

Magreti alisukuma picha mbili mbele yake. Zilipigwa siku ambayo Mzee Beda alikutwa amekufa kwenye meza yake ya kazi. Zote mbili zilikuwa za kifaru kile kile, kidogo cha kutosha kukaa juu ya sahani ya wali, kimepakwa rangi nyeupe kama vile vya nchi za baridi. Picha moja ilikuwa ya upande wa kulia, nyingine ya kushoto.

"Hizi pande mbili hazifanani, afande."

"Nyeupe na nyeupe."

"Naomba niende Mikumi."

Mkuu alitazama saa. Alikuwa na treni ya kwenda Dodoma kwenye kikao, na viatu vyake vilikuwa vimeshapigwa rangi. "Nenda. Lakini kesho asubuhi Lenku anafikishwa mahakamani kwa mauaji. Nisije nikarudi nikakuta jalada hili bado linazungukazunguka."

Nje, kwenye benchi la ukutani, alikuwa amekaa Resiato, mke wa Lenku. Alikuwa na kibuyu cha maziwa miguuni. Maziwa yalikuwa yameshaganda, maana askari wa zamu walikataa kuyaingiza.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Amekula?"

"Anasema hawezi kula kama hajui ng'ombe wako wapi."

"Wako wapi?"

"Watoto wamewasogeza huko Kilangali. Wenye mashamba wamesema, siku Lenku akihukumiwa, ng'ombe watakatwa mapanga mmoja mmoja. Wanangojea tu kusikia." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Magreti alikichukua kibuyu, akaingia nacho mahabusu mwenyewe.

Lenku alikunywa kidogo, akakirudisha. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, shuka lake limechukuliwa, amepewa kaptura isiyomtosha.

"Nieleze tena," Magreti alisema.

"Nimeeleza mpaka nimechoka."

"Mimi hujanieleza."

"Nilikwenda kumwomba mzee radhi. Ng'ombe wangu walikosea, na mimi sikuwa na maneno ya kujitetea. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona amekaa mezani, amelaza kichwa juu ya mikono. Nikasema, shikamoo mzee. Hakuitika. Nikarudia. Hakuitika."

"Ukafanyaje?"

"Wewe ukimwamkia mzee, akakunyima marahaba, unafanyaje? Si amekwambia hataki kukuona? Nikaondoka."

"Hukusogea ukamtazama?"

"Mtu aliyekunyima marahaba unamsogelea uende wapi?"

"Waliokuona wanasema ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa na aibu. Wao wanajua uso wangu wa aibu unafananaje?"

Magreti aliliacha hilo, akamwonyesha zile picha. "Ukiwa mlangoni, mezani uliona nini?"

"Kigari cha plastiki. Kina mdomo mrefu."

"Rangi?"

Lenku alifikiri. "Hakikuwa cheupe kama hapo kwenye picha yako. Kilikuwa kijivujivu, kinang'aa. Kimelowa."

Magreti aliyaandika hayo, akapiga mstari chini yake. Mtu yeyote aliyewahi kupaka nyumba chokaa anajua kwamba chokaa mbichi haiwi nyeupe. Ukiipaka unaweza kudhani umepaka maji machafu, na weupe wake unakuja inapokauka. Kwenye joto la Mikumi haichukui muda kukauka. Kwa hiyo saa sita, Lenku alipofika mlangoni, aliyeshika brashi alikuwa ametoka kuiweka chini.

Gari la kituo halikuwa na mafuta. Magreti alipata lifti kwenye lori tupu lililokuwa likienda Malolo kupakia vitunguu, na kabla ya jua kupanda sana alishuka Mikumi, akashika njia ya nyuma ya soko mpaka kwa marehemu.

Yudith, binti wa Mzee Beda, alimpokea uani. Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, mnene kidogo, kitenge kimefungwa kwa kukaza kiunoni. Ndiye aliyemtunza baba yake tangu mama yao afariki. Kaka yake, Innocent, alikuwa Uswidi, ameoa huko, na ndiye aliyekuwa akimtumia mzee maboksi ya vifaru.

"Karibu, afande. Mlisema mmeshamaliza."

"Nimekuja kufunga mambo madogo madogo. Pole tena na msiba, dada Yudith."

"Tumeshapoa. Nikuwekee chai?"

"Chai sikatai."

Chumba cha kazi cha mzee kilikuwa kimefungwa kwa kufuli ya polisi. Magreti alikifungua, akavaa glovu, akakaa kwenye kiti cha marehemu kwanza ili aone alichokuwa akiona. Mbele yake palikuwa na dirisha. Mkono wa kulia kulikuwa na vikopo vya rangi, vimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule mstarini. Kulikuwa na kibano, wembe, gundi, njiti za meno, vipande vidogo vya godoro vilivyokatwa kama sukari ya kipande, chumvi ya mawe kwenye kifuniko cha soda, vumbi la tofali lililochekechwa kwa kitambaa. Kwenye kikombe cha bati kulikuwa na chokaa iliyokauka, na brashi mbili zimegandia ndani.

Hapo akasita. Brashi nyingine zote zilikuwa zimeoshwa, zimefungwa ncha kwa uzi. Hizi mbili ziliachwa kwenye chokaa zigande.

Alitoka nje, akamtuma mtoto wa jirani amwite Mzee Lukasi.

Mzee Lukasi alikuwa fundi mwenzake Beda tangu karakana ya jeshi, na walistaafu pamoja. Alikuja na fimbo na kofia ya pama, akakataa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmemrudisha Beda kutoka kaburini mumuulize wenyewe?"

"Nataka nikuulize wewe. Hiki kifaru unakijua?"

"Nakijua. Nilimwambia, Beda, kipake rangi ya udongo, kifanane na kwetu. Akaninunia. Anasema mwanaye amemtumia picha ya theluji imefika magotini, na yeye anataka kifaru kitakachokaa kwenye theluji ile. Sasa Innocent anahitaji kifaru cha nini kule? Anapigana na nani?"

"Nionyeshe kilivyopakwa."

Lukasi aliinama. Kwa upande wa kulia hakugusa, alionyesha kwa ncha ya unyasi. "Kwanza kijani chote. Maana askari wa kule hawakununua rangi mpya. Baridi ikianguka, walichukua chokaa, mafagio, matambara, wakapaka juu ya kijani haraka haraka, mikono inaganda. Theluji ikiyeyuka wanaiosha. Kwa hiyo haipendezi. Ona hapa, buti za askari zinapopanda, imechubuka. Hapa ni kijani kinachungulia. Hivyo vitobo Beda alivipata kwa chumvi. Anapaka kijani, anaacha ikauke, analowesha, anarushia chembe za chumvi, halafu chokaa nyepesi juu kwa kipande cha godoro. Ikikauka anasugua, chumvi inaondoka na chokaa yake. Hii kutu kwenye bawaba ni vumbi la tofali. Na minyororo hii ya miguuni haikupakwa kabisa, kwa sababu inakwenda inajisugua yenyewe. Kazi ya subira."

"Sasa huku."

Magreti alikigeuza. Mzee Lukasi alicheka bila furaha.

"Hii ni nini?"

"Nakuuliza wewe."

Upande wa kushoto ulikuwa mweupe wote, umelingana, umepakwa mara mbili. Mikwaruzo ya brashi yote ilishuka chini. Pembezoni mwa kila kipande palitangulizwa mstari, kisha katikati pakajazwa. Na chini, kuanzia mbele hadi nyuma, juu ya magurudumu na minyororo, ulipita mkanda mweusi, umenyooka kama uliopimwa kwa uzi.

"Mzee Lukasi, usikasirike. Ulifika hapa siku ile?"

"Unaniuliza kama nilikimalizia mimi?" Aliunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya macho ya Magreti. Ulitetemeka kama jani la mgomba. "Uji wangu napewa kwenye kikombe chenye mfuniko, kama mtoto. Na hata ningekuwa na mkono wa kijana, ningekipaka hivi Beda angefufuka anitukane mama yangu. Yeye minyororo hapaki."

"Huu weusi, alikuwa nao kwenye vikopo?"

Wakavipitia kimoja kimoja. Palikuwa na kijani, kahawia, kijivu, nyekundu ya kutu. Nyeusi ilikuwapo, lakini nyembamba, ya maji, inayokauka bila mng'ao. Magreti alichukua pamba, akaisugua kwenye mkanda. Ilitoka na weusi wenye punje, kama masizi yaliyokorogwa. Aliinusa, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika juu yake.

"Asante, mzee. Ukae hapo uani kidogo, nitakuhitaji uwe shahidi."

Alitoka mwenyewe, akasimama nje ya nyumba, akaitazama kama mgeni anayetafuta chumba cha kupanga. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, imepakwa chokaa safi. Chini, kama nyumba nyingi za pale, ilizungushiwa mkanda mweusi ili tope linaloruka wakati wa mvua lisionekane. Lakini kwenye mlango mkanda ule haukukatika tu kama wa majirani. Kila upande wa mlango ulipanda juu kidogo, ukatengeneza kitu kama goti, ndipo ukaishia.

Yudith alitoka na kikombe cha chai na mihogo ya kuchemsha.

"Nyumba imenyooka hii," Magreti alisema. "Umempata wapi fundi?"

"Fundi wa nini? Mwenyewe. Kila Noeli ikikaribia napaka."

"Na weusi wa chini? Wetu kwetu kila mwaka unafifia."

"Mnaweka masizi matupu. Chukua betri za redio zilizokufa, vunja, toa ule mkaa wa ndani, twanga, changanya na masizi na maji ya chumvi kidogo. Hautoki."

"Na haya magoti ya mlangoni?"

Kwa mara ya kwanza Yudith alitabasamu. "Hayo ya mama. Alikuwa anasema mlango bila magoti ni kama mtu aliyesimama bila miguu. Hapa Mikumi hayawekwi na mtu mwingine."

"Hakuna mwingine?"

"Zunguka mtaa wote."

Magreti alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Twende ndani, dada Yudith."

Mzee Lukasi aliwafuata, akabaki mlangoni. Magreti alikiweka kifaru katikati ya meza, upande wa kushoto ukimtazama Yudith.

"Siku ile ulitueleza hivi. Asubuhi ulimwacha baba yako anapaka upande wa kulia, upande huu ulikuwa bado kijani. Ukaenda Kilangali kutafuta mbegu ya mpunga. Uliporudi jioni ukamkuta amekufa, na kifaru kimekwisha. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Kwa sababu ya maneno hayo sisi tulisema, mzee alikuwa mzima asubuhi nzima, akifanya kazi, mpaka Lenku alipoingia. Maana kazi hii si ya dakika mbili."

"Si ndiyo hivyo."

"Hapa ubavuni kuna kijilango. Askari wa ndani anatokea hapo. Tazama mkanda unapofika kwenye kijilango."

Yudith alitazama. Kila upande wa kijilango, mkanda mweusi ulipanda kidogo, ukafanya goti, ukaishia. Magoti yenyewe hayakufika ukubwa wa punje ya mchele.

Mlangoni Mzee Lukasi alivua kofia.

"Una haki ya kunyamaza," Magreti alisema. "Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita ndugu au wakili kwanza. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Lenku alifika saa sita, chokaa ilikuwa mbichi. Baba yako alikuwa ameshalala mezani. Wewe ndiye uliyepaka. Kwa hiyo asubuhi hukuwa Kilangali, ulikuwa kwenye chumba hiki."

"Kilangali nilikwenda."

"Saa ngapi?"

Yudith alivuta kigoda, akakaa. Alipanga kitenge juu ya magoti, akakipanga tena.

"Baada ya kumaliza," alisema.

"Kumaliza nini?"

"Upande huo. Ulikuwa bado. Watu wangekuja msibani wakakuta kazi ya baba nusu. Innocent angeambiwa kwa simu, kifaru chako hakikuisha." Alikitazama. "Miaka yote hii hakuniruhusu nikiguse. Hata vumbi alipuliza mwenyewe. Nikimwambia, baba, nionyeshe basi mnafanyaje, anasema, wewe mikono yako ya ugali. Innocent hajawahi kuona baba anatapika. Mimi ndiye niliyemwosha. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemkatia kucha. Lakini kwenye meza hii nilikuwa naishia kwenye kizingiti."

"Alipatwa na pumu saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilikuwa nimeshavaa nguo za safari. Nikasikia anagonga meza kwa mpini wa brashi. Ndivyo alivyokuwa ananiita. Haniiti jina, anagonga. Kama chai imepoa anagonga. Kama anataka kwenda chooni anagonga. Nikaingia. Alikuwa anavuta pumzi haziji."

"Dawa ilikuwa wapi?"

"Kwenye rafu, nyuma yake."

"Alifikia?"

"Hakufikia. Nikaichukua mimi."

"Ukampa?"

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli, akamsalimu Mzee Lukasi, na Mzee Lukasi hakuitika.

"Aligonga tena," Yudith alisema. "Nilikuwa nimesimama hapo ulipo wewe, nayo mkononi. Aliiona. Akagonga tena, akanionyesha kwa kidole, pale, lete. Halafu akainuka, akaanguka na paji kwenye kona ya meza. Nikamwinua nikamkalisha, nikamlaza kichwa vizuri. Alikuwa ameshakwenda."

"Dawa ukaitupa."

"Nilipotoka kwenda barabarani. Haikukaa vizuri mkononi. Sikujua kuna mtu atapita njia ile."

"Lakini walipomkamata ulijua."

"Jirani ndiye aliyemtaja Lenku. Mimi sikumtaja."

"Hukumtaja. Ulimtazama anafungwa pingu, ukaingia ndani."

"Yeye mahindi yetu aliyalisha," Yudith alisema, lakini neno hilo halikuwa na nguvu, na mwenyewe alilisikia.

Magreti alitoa simu, akapiga kituoni. Zamu ilikuwa ya koplo aliyemfahamu. "Lenku asipelekwe mahakamani kesho. Hapana, Mkuu nitamwambia mwenyewe. Mwambie mkewe aingie akakae naye, na wapige simu Kilangali wajue ng'ombe wasiguswe. Ndiyo. Nakuja na mtu." Akakata, akakiweka kifaru kwenye boksi kama kielelezo, akakizungushia pamba kisichubuke.

Yudith aliinuka, akaanza kukusanya vikopo vya rangi. Magreti alimgusa mkono avirudishe mezani.

"Jambo moja sikulielewa," alisema. "Si kwa ajili ya jalada, ni kwa ajili yangu mimi. Ungetaka afe, ungekuwa umeshaondoka zako Kilangali. Ulibaki. Dawa ulikuwa nayo mkononi, mzee yuko mbele yako hatua moja, anakutazama. Ulikuwa unangoja nini, dada Yudith?"

Mwanamke yule alimtazama Mzee Lukasi mlangoni, kisha kile kiti cha baba yake.

"Nilitaka aniombe," alisema. "Siyo agonge. Nilitaka aseme, Yudith, mwanangu, nisaidie. Ningempa palepale. Hata angesema Yudith tu, ningempa."